Una kibali cha kazi Kanada: ukaazi wa kudumu (PR) upitie mlango gani?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Kanada swali ni lilelile kila wiki: "Jamani, njia ipi ya PR ni rahisi?" Hakuna anayeweza kulijibu kabla hujasema mambo manne: kazi yako ina namba gani, umeifanya saa ngapi, Kiingereza au Kifaransa chako kiko kiwango gani kwa mtihani unaotambuliwa, na kibali chako kinakwisha tarehe ngapi. Ukishayaweka mezani, milango mingi inajifunga yenyewe na unabaki na mmoja, pengine miwili.

Tuanze na namba, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza miaka. Kila kazi Kanada ina namba ya tarakimu 5 katika orodha ya taifa iitwayo NOC. Tarakimu ya pili ndiyo ngazi ya kazi, TEER: 0 ni mameneja, 1 ni kazi zinazohitaji shahada, kisha inashuka hadi 5, kazi ambazo mtu huelekezwa siku chache akaanza. Express Entry, mfumo wa serikali ya shirikisho wa kuita wafanyakazi wenye ujuzi waombe PR, inahesabu TEER 0 hadi 3 tu.

Chukua uangalizi wa wazee, kazi inayobeba watu wetu wengi. Anayehudumia wagonjwa hospitalini au kwenye nyumba ya wazee, akiwageuza kitandani, akiwapima presha na kuripoti kwa muuguzi, yuko 33102: TEER 3. Anayemhudumia bibi mmoja nyumbani kwake, akimpikia, akimwogesha na kumsindikiza kliniki, yuko 44101: TEER 4. Mgongo unauma vilevile, lakini wa kwanza anahesabiwa na wa pili hahesabiwi. Jikoni ni hivyo hivyo. Mpishi ni 63200, TEER 3. Msaidizi anayemenya viazi na kuosha sufuria ni 65201, TEER 5. Dereva wa lori za masafa marefu alikuwa nje ya hesabu hadi Novemba 16, 2022, orodha mpya ilipoanza kutumika. Sasa ni 73300, TEER 3.

Kinachoangaliwa ni majukumu yako ya kila siku, cheo kilichoandikwa kwenye mkataba hakitoshi. Bosi anaweza kukuita "supavaiza" kwa kukufurahisha, lakini kama hupangi zamu za wengine wala huwasimamii, hiyo namba si yako. Kuidai ni kutoa taarifa za uongo, na adhabu yake ni kuzuiwa miaka 5 usiombe. Kinyume chake pia hutokea: mtu anapika kweli, lakini karatasi zake zote zinamwita msaidizi. Huyo azungumze na mwajiri mapema, si siku ya kuomba barua.

Sasa saa. Daraja la Uzoefu wa Kanada, mlango mmojawapo wa Express Entry ambao wengi wanaujua kwa kifupi CEC, linataka mwaka 1 wa kazi halali ndani ya miaka 3 iliyopita, yaani saa 1,560. Hesabu yake ni saa 30 kwa wiki mara wiki 52. Hapa kuna mtego: ukifanya saa 60 kwa wiki, bado unahesabiwa 30. Miezi sita ya kujichosha haigeuki mwaka. Unaweza kuunganisha kazi mbili za nusu siku mpaka zifike 30, ilimradi kibali kinakuruhusu na zote ni TEER 0 hadi 3. Kazi uliyofanya ukiwa mwanafunzi wa muda wote haimo. Kujiajiri hakumo. Kazi ya mkono kwa mkono nje ya kibali haimo kabisa, tena inakuharibia.

Kutimiza sharti la CEC ni kuingia kwenye orodha ya wanaosubiri tu. Kuitwa ni habari nyingine, nayo inategemea alama za CRS, yaani alama zinazowapanga wanaosubiri. Tupige hesabu ya mtu mmoja: miaka 32, hana mwenza, shahada ya kwanza, miaka 3 ya kazi ya ujuzi Nairobi au Dar, mwaka 1 Kanada, Kiingereza CLB 7 (CLB ni kipimo cha Kanada cha kiwango cha Kiingereza). Umri unampa 94, elimu 120, lugha 68, kazi ya Kanada 40. Kwa mchanganyiko wa elimu na uzoefu anaongezewa 76. Jumla 398. Akirudia mtihani akapata CLB 9, lugha inapanda hadi 124 na mchanganyiko 88: anafika 466. Ni alama 68 kwa mtihani mmoja. Mwaka wa pili wa kazi haukupi hizo. Akisubiri mwaka wa pili wa kazi, anapata 13 za kazi na 12 za mchanganyiko, lakini umri unamnyang'anya 6. Anaishia 485.

Na raundi za kuita watu wa CEC za mwaka 2025 zote zilikatia juu ya 500. Kwa hiyo yule anayekuambia "fanya kazi tu, PR itakuja" anakupotosha bila kujua. Tena tangu Machi 25, 2025 ofa ya kazi yenye LMIA, ile ruhusa ya serikali kwa mwajiri kuajiri mgeni, haiongezi alama hata moja. Zamani ilileta 50, au 200 kwa mameneja wakubwa, na biashara ya kuuza barua hizo ikashamiri. Atakayekuuzia leo kwa ajili ya alama anakuuzia hewa. Na hata hiyo ada ya LMIA, dola 1,000, ni ya mwajiri. Hairuhusiwi kukatwa kwenye mshahara wako.

Kuhusu mtihani wenyewe: CLB 9 kwa IELTS ya General ni kusikiliza 8.0, na kusoma, kuandika na kuzungumza 7.0 kila kimoja. CLB 7 ni 6.0 kote. Wengi wetu huangushwa na kuandika. Kuna huduma ya IELTS ya kurudia sehemu moja tu. Uhamiaji wa Kanada hawaikubali, kwa hiyo unarudia mtihani mzima. CELPIP na PTE Core zinakubalika pia, na zote mbili zinafanywa kwenye kompyuta, jambo linalomfaa mwenye mwandiko wa kuku. Matokeo yanaishi miaka 2.

Kisha kuna Kifaransa, na hapa Waswahili wa Kongo, Burundi na Rwanda wana mali ambayo wengine hawana. Mwenye NCLC 7 (NCLC ni CLB ya Kifaransa) katika sehemu zote nne anaingia raundi za Kifaransa, ambazo zimekuwa zikikatia chini sana. Machi 21, 2025 waliitwa watu 7,500 na alama ya mwisho ilikuwa 379. Rudi kwa mtu wetu wa 398: akiwa na Kifaransa cha NCLC 7 kama lugha ya pili anaongeza 12, na nyongeza ya 50 kwa wenye lugha zote mbili. Anakuwa na 460, na mlango uko wazi. Mtihani ni TEF Canada au TCF Canada. Kwa TCF, NCLC 7 inaanzia 458 kusikiliza, 453 kusoma, na 10 kwa kuandika na kuzungumza. Anayezungumza Kifaransa cha nyumbani Bukavu asiende kichwa kichwa: kuandika kwa mpangilio wa mtihani kunataka mazoezi. Na raundi hizi ni kwa watakaoishi nje ya Quebec. Quebec inachagua watu wake yenyewe kwa taratibu zake.

Wahudumu wa 33102 nao wana raundi za afya. Ile ya Agosti 19, 2025 ilikatia 470. Mwenye 466 anaona jinsi alivyo karibu.

Usiposogea huko, geukia jimbo. Uteuzi wa jimbo unaoingia kwenye Express Entry unakupa alama 600, na hapo hesabu zote za juu zinakuwa hazina maana. Upo pia uteuzi wa nje ya Express Entry, unaochukua muda mrefu zaidi lakini unapokea kazi za chini. Alberta Opportunity Stream, kwa mfano, inapokea kazi nyingi hadi TEER 5, kwa CLB 4 kwa TEER 4 na 5 na CLB 5 kwa nyingi ya zilizobaki, ukiwa umefanya kazi Alberta miezi 12 ya muda wote ndani ya miezi 18. Manitoba inamtazama aliyekaa na mwajiri wake miezi 6 mfululizo na bado anahitajika hapo. Lakini mwaka 2025 serikali ya shirikisho ilipunguza nafasi za majimbo kwa nusu, na majimbo yakawa yanachagua kwa sekta. Soma orodha ya jimbo lako kabla ya kuhamia kwa sababu shemeji yako alipata huko mwaka 2022.

Kwa mtu wa TEER 4, maoni yetu ni kwamba mlango wenye afadhali uko Atlantiki: New Brunswick, Nova Scotia, Prince Edward Island, na Newfoundland na Labrador. Programu yao ya uhamiaji, AIP, haitumii alama za CRS. Inataka mwajiri aliyeidhinishwa na jimbo, saa 1,560 za kazi ndani ya miaka 5, CLB 4 kwa TEER 4 au CLB 5 kwa TEER 0 hadi 3, na, kwa TEER 2 hadi 4, cheti cha sekondari kilichotathminiwa. Kwa TEER 4 ofa iwe ya kudumu, isiyo na tarehe ya mwisho. Swali la kwanza kwa mwajiri wa huko ni moja: "Mmeidhinishwa?" Akianza kuzunguka, tafuta mwingine. Mradi wa miji midogo ulioanza 2025 unafanana nayo, katika jumuiya 14 kama Thunder Bay, Brandon na Moose Jaw, ila mji wenyewe ndio unaochagua sekta na waajiri.

Mhudumu wa nyumbani, 44101, alikuwa na programu yake iliyofunguliwa Machi 31, 2025: CLB 4, elimu ya sekondari, miezi 6 ya uzoefu au mafunzo, na ofa ya kazi. Nafasi zilijaa siku ileile. Walioingia ni wale waliokuwa na matokeo ya lugha na tathmini ya cheti tayari mkononi. Tathmini ya elimu inaishi miaka 5, na kinachochelewesha mara nyingi ni chuo cha nyumbani kutuma matokeo, kwa hiyo mtu wa kufuatilia pale masjala ni muhimu kuliko ada yenyewe.

Mwaliko wa Express Entry ukifika una siku 60. Barua ya mwajiri ndiyo inayokataliwa mara nyingi. Iwe na nembo ya kampuni, cheo, tarehe za kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu, majukumu, jina na saini ya msimamizi. Majukumu yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka tovuti ya NOC yanatia shaka. Yaandikwe kama kazi inavyofanyika hapo. Ambatanisha slipu za mshahara na T4, hati ya kodi ya mshahara wa mwaka. Vipimo vya afya, tangu Agosti 21, 2025, vinafanywa kabla ya kutuma maombi.

Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10, ukiondoa Kanada yenyewe na muda wa kabla hujafika miaka 18. Aliyepitia Dubai, Doha au Riyadh kabla ya Kanada aanze huko, maana kupata cheti cha Ghuba ukiwa mbali, na kitambulisho cha ukaazi wa huko kimeshakwisha, ni kazi. Ada zilizoanza Aprili 30, 2024 zilikuwa dola 950 za maombi na 575 za haki ya ukaazi kwa mtu mzima, 260 kwa mtoto, na alama za vidole 85 kwa mtu au 170 kwa familia. Hupanda kila miaka miwili, kwa hiyo angalia tovuti ya IRCC, idara ya uhamiaji, kabla ya kulipa.

Watoto. Mtaje kila mtoto wako wa kumzaa, hata aliyeko kwa bibi yake Tanga, hata wa nje ya ndoa ambaye mkeo hamjui. Asipotajwa na kupimwa sasa, kumdhamini baadaye kunaweza kuzuiwa. Kwa kawaida anayehesabiwa ni aliye chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Mtoto wa marehemu dada yako uliyemlea kama wako si tegemezi wako kisheria mpaka uasili wake uwe na hukumu ya mahakama. Wenye ndoa wapige hesabu mara mbili, mume akiwa mwombaji mkuu kisha mke. Wengine wamekaa miaka kwenye orodha, kumbe mwenye alama 480 ni mwenza wao ambaye hakuulizwa.

Mwisho ni tarehe ya kibali. Ukituma maombi ya kuongeza kabla hakijaisha, unaendelea kufanya kazi kwa masharti yaleyale ukisubiri jibu. Ukishatuma PR na ukapata hati ya kupokelewa, angalia kama njia yako inaruhusu kibali cha kukuvusha (bridging open work permit), kinachokufungua kutoka kwa mwajiri mmoja. Kutuma PR peke yake hakukuongezei hata siku ya kibali. Kibali kikiisha kabla hujaomba kukiongeza, una siku 90 za kuomba hadhi irudishwe, na katika siku hizo huruhusiwi kufanya kazi hata saa moja.