Mzani Ulioamsha Kamera

Daktari alikuwa na swali moja: kwa nini panya mmoja anakonda? Wenzake watatu kwenye kizimba kile walikuwa na gramu 28 hadi 31, yeye alikuwa 22 na bado anashuka. Chakula kipo, maji yapo. Mchana wote walilala wamerundikana, na usiku, wakati panya ndiyo huchangamka, ukifungua mlango tu wanatulia tuli.

Ilikuwa Februari 2019, Upanga, joto la Dar likiwa limeshika kweli. Kurekodi usiku kucha kungetupa saa nyingi za video ya pumba za mbao tupu za kizimbani, na nani angekaa kuzitazama? Nikamwambia Daktari tuweke mzani mdogo mbele ya chupa ya maji, panya akipanda ndipo kamera irekodi.

Kariakoo nilinunua mzani wa jikoni uliokufa kioo, nikautoa moyo wake: kipande cha alumini kilichobandikwa nyuzi nyembamba ambazo ukinzani wake hubadilika chuma kikipinda hata kidogo sana. Badiliko hilo hukuzwa na saketi ya HX711, kisha Raspberry Pi, kompyuta ndogo, inalisoma. Juu yake nikaweka taa za infraredi, maana panya hawauoni mwanga huo, na kamera isiyo na kichujio cha kuuzuia.

Kulehemu waya ilikuwa kazi ya jioni moja. Kilichonisumbua ni joto. Umeme ukikatika kiyoyozi kinazima, pawabenki inaendelea kuilisha kompyuta, chumba kinapanda joto, na mzani mtupu unaanza kudai umebeba kitu. Nikaandika programu ijirudishe sifuri yenyewe kila usomaji unapotulia chini ya uzito wa panya mdogo kabisa.

Kuna sehemu moja ya programu ile ninayoipenda mpaka leo. Kamera haikulala kabisa. Ilishikilia sekunde 10 za mwisho kwenye kumbukumbu, ikizifuta na kuzijaza upya, na uzito ulipofika ilizihifadhi pamoja na zilizofuata. Mnyama akishapanda, habari yenyewe mara nyingi imeshapita.

Asubuhi tulifungua mafaili: mimi, Daktari, na mzee anayewatunza panya. Uzito ulioandikwa ulikuwa 31, 29, 31, 28. Hakuna 22 hata mara moja. Tukatazama zile sekunde za kabla. Mdogo anatoka pembeni, pua chini, anakaribia ubao wa mzani. Yule wa gramu 31 anamrukia, anamng'ata mgongoni, kisha anapanda yeye. Video iliyofuata, vilevile.

"Kumbe ni huyu," mzee akasema, kidole kwenye skrini. "Mwanangu, hebu rudisha tena."

Nikarudisha. Daktari alikuwa ameshasimama kutafuta kizimba kitupu. Mdogo alihamishwa asubuhi ileile, akapewa chupa yake, na mzee akasimama pale akimhesabia mafunda kwa sauti.