Kama mwenye simu ndiye huyo huyo?

Leo asubuhi kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, hapa Makorora, Tanga. Nikajua ni yale yale, michango ya uji.

Kumbe kaja dada wa ustawi wa jamii na furushi la vipeperushi. Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Namba 116, ya kuripoti ukatili kwa watoto, unapiga bure. Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.

Wazazi "ndiyo, ndiyo", macho kwenye simu. (Na mimi nimo, sikatai.)

Watoto walikalishwa mbele, mkekani. Mmoja, darasa la tatu hivi, akanyoosha mkono:

"Na kama anayenipiga ndiye mwenye simu?"

Kimya. Feni tu juu inalalamika.

Dada hakumjibu mbele za watu. Alimchukua pembeni, akachuchumaa, wakaongea chini chini. Mtoto muda wote anakunja pembe ya kipeperushi, anakunjua, anakunja tena, mpaka karatasi ikachanika.

Nimerudi, mchuzi wa samaki umepoa mezani. Bado naviona vile vidole.

Jamani, nyie mngemjibuje? Mtaani kwenu, mtoto asiye na simu anamkimbilia nani?