Fedha za Mobutu na Wale Waliompa

Huku Kigoma jina la Mobutu Sese Seko, aliyekuwa rais wa Zaire, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, bado linatajwa kwa uchungu, hasa na wazee wa Ujiji na Mwanga wenye ndugu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye mali zake: jumba la Gbadolite katikati ya msitu, uwanja wa ndege uliojengwa hata Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, iweze kutua, nyumba ya kifahari Roquebrune-Cap-Martin kusini mwa Ufaransa, na nyingine Savigny nchini Uswisi. Hayo yote ni kweli. Lakini naona tunaifunga hesabu mapema mno, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuifilisi nchi kubwa kiasi kile kwa zaidi ya miaka 30 akiwa peke yake.

Mobutu alitwaa urais Novemba 1965, ingawa alikwisha kuipindua serikali mara ya kwanza Septemba 1960, akiungwa mkono na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Miezi minne baada ya mapinduzi yale, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa katika jimbo la Katanga. Tangu hapo kila Mobutu alipoyumba alipatikana wa kumshika. Waasi walipoingia jimbo la Shaba, jina alilolipa Katanga, mwaka 1977, ndege za Ufaransa ziliwabeba askari wa Morocco kwenda kumwokoa. Walipouteka mji wa migodi wa Kolwezi, jimboni humo, mwaka uliofuata, walishuka askari wa miamvuli wa Ufaransa, na wa Ubelgiji wakafuata. Sababu iliyotolewa miaka yote ilikuwa kwamba anazuia ukomunisti, na shaba na kobalti ya nchi yake haikusahaulika.

Jambo linalonikasirisha zaidi si bunduki, bali mikopo. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal kufanya kazi ndani ya Benki Kuu ya Zaire, ili fedha za nchi zisimamiwe na mtu asiyemwogopa rais. Aliondoka mwaka uliofuata, na katika ripoti yake ya 1982 akaeleza bila kuficha kwamba rushwa ndiyo mfumo wenyewe wa utawala ule na kwamba wakopeshaji wasitarajie kurudishiwa fedha zao. Mwaka 1983 shirika lilelile likaidhinisha mkopo mpya, na mwaka huohuo Rais Reagan akampokea Mobutu Ikulu ya Marekani. Kwa hiyo wanaosema kwamba walidanganywa hawasemi kweli. Waliambiwa na mtu wao wenyewe, kwa maandishi, wakaendelea kutoa.

Mwaka 2004 Transparency International, shirika linalopambana na rushwa duniani, ilikadiria kwamba Mobutu alijichotea dola za Marekani bilioni 5. Ukitaka kuona tarakimu hiyo ilimfikiaje mtu wa kawaida, itazame noti aliyoihifadhi mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye zamani alikuwa akileta vitenge kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Ni noti ya zaire 5,000,000 ya mwaka 1992, yenye sura ya Mobutu upande mmoja, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Wafanyabiashara wengi waliikataa, na askari waliolipwa mishahara kwa noti hizo walifanya fujo kubwa Kinshasa Januari 1993. Mzee huyo alipoteza mtaji wake wote kwenye karatasi za namna hiyo, na hakuna benki yoyote duniani iliyowahi kumfidia.

Mobutu alikimbia Mei 1997 na kufa Rabat, Morocco, Septemba mwaka huohuo. Uswisi ilizuia faranga zipatazo milioni 7.7 tu, kiasi kidogo mno mbele ya makadirio yale, na mwaka 2009 hata hizo zikarejeshwa kwa familia yake kwa sababu muda wa kufungua mashtaka ulikwisha pita, na Kinshasa nayo haikuwa imefuatilia kwa dhati. Nasikitika kuliandika hilo, kwa kuwa Nigeria ilipofuatilia fedha za mtawala wake wa zamani Sani Abacha, Uswisi hiyohiyo ilirudisha zaidi ya dola milioni 700.

Madeni, kwa upande wake, hayakufa na mtu. Wakongo waliendelea kuyabeba mpaka mwaka 2010, yalipofutwa madeni ya nchi yanayokaribia dola bilioni 12.3, na gazeti baada ya gazeti likauita uamuzi huo ukarimu. Ukarimu gani, ikiwa waliokopesha walijua mapema kwamba fedha haziendi shuleni wala hospitalini?

Sisi wa mkoa huu tulilipa sehemu yetu pia. Vita vya 1996 vya kumng'oa Mobutu vilipoanza, watu walivuka ziwa kwa maelfu, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huo kwa ajili yao, bado ina watoto na wajukuu wa waliofika wakati ule. Ardhi, kuni na maji tumegawana nao, na tulifanya vyema. Ninachodai ni kwamba serikali na taasisi zilizotia saini mikopo ile baada ya ripoti ya Blumenthal zifungue majalada yake, ili Wakongo wajue kila fedha ilitolewa na nani, lini, na kwa ahadi gani.