Wati 154 mpaka Mnazi Mmoja na kurudi

Jumamosi nimemaliza raundi yangu ya baiskeli ya kilomita 180, mazoezi ya triathloni ndefu (unaogelea, unaendesha, halafu unakimbia), unatoka Mtwara unapita Mnazi Mmoja kidogo kuelekea Lindi halafu unageuza, na kwa mara ya kwanza nimeshuka kwenye baiskeli nikiwa bado nina miguu ya kukimbia. Niandike kabla sijasahau, maana wadau wengi wananiuliza pawa mita, kile kifaa cha baiskeli kinachopima kwa wati nguvu unayokanyaga, inasaidia nini wakati barabara ni ileile na jua ni lilelile.

Mwaka jana njia hii niliiendesha kwa kuangalia spidi. Msimu wa kusi ukitoka Mtwara asubuhi upepo uko mgongoni, saa inakuonyesha 35, 36, unajiona mwepesi, basi ule mlima wa kutoka Mikindani unasimama kwenye pedeli unaupiga kama unafukuzwa. Jioni nimefungua data nakuta mlimani nilikuwa nakanyaga wati 300 na ushee, na FTP yangu ni 220. FTP ni ile nguvu ambayo mtu anaweza kuishikilia kama saa nzima hivi, mimi niliipima kwa dakika 20 za kukanyaga mpaka basi, nikachukua asilimia 95 ya wastani wake. Sasa ukivuka hapo mwili hausahau, dakika mbili za wati 300 hazifutwi na dakika mbili za kuteremka bila kukanyaga, hata kama wastani utasoma vizuri. Kurudi upepo ukawa usoni, kilomita 40 za mwisho wati 120 nilizipata kwa shida, na kukimbia sikukimbia, nilitembea.

Safari hii nimeandika 154 kwa maka pen kwenye plasta nikaibandika kwenye usukani. Ni asilimia 70 ya 220, maana siku ya mashindano mbele ya hizo 180 kuna marathoni ya 42.2 inakusubiri. Mlimani nilijiruhusu mpaka 175, siyo zaidi, gia nyepesi, makalio kwenye siti. Hapo ndo pagumu jamani! Bodaboda amebeba gunia la mkaa ananipita taratibu kabisa, anageuka ananiangalia, na mimi nguvu ninazo, inabidi nizitulize tu.

Pale Mnazi Mmoja nikasimama kununua maji, mama mmoja muuza mihogo akaniambia, "Pole mwanangu, mbona umekauka hivyo?" Chumvi ilikuwa imechora ramani kwenye jezi yote. Nikala muhogo, nikanywa maji yenye chumvi na sukari, nikageuza.

Kurudi ndiyo utamu ulipo. Upepo wa kusi usoni, spidi imeshuka mpaka 25, na zamani hapo ningeanza kupambana nao. Lakini upepo haununuliki kwa bei rahisi, ukitaka kuongeza spidi kidogo tu unalipa wati nyingi mno. Nikashika 160, nikainama, nikaacha spidi isome inavyotaka. Mapigo ya moyo nayo kwenye joto letu hayaaminiki peke yake, asubuhi wati 154 zilinipa mapigo 132, saa saba mchana wati zilezile yanasoma 147. Nikiona yamepanda hivyo najua maji yamepungua mwilini, nakunywa, yakizidi kupanda napunguza wati kumi, siyo kubishana nayo.

Mwisho wastani ulikuwa 152, na ule wastani unaopima gharama ya kupandapanda na kushukashuka kwa nguvu ulikuwa 157. Ukigawanya 157 kwa 152 unapata 1.03, na ikikaribia 1 maana yake umekanyaga sawasawa. Ile raundi ya mwaka jana ilikuwa 1.14, na hiyo namba ndiyo ilikuwa inanimaliza, siyo umbali.

Nimefika nyumbani, nimebadilisha viatu, nimeshuka Shangani kukimbia kilomita 10. Ya kwanza dakika 5 na sekunde 50, ya kumi dakika 5 na sekunde 54. Jumamosi ijayo nabandika plasta nyingine, 158, nione miguu itasemaje.