Wingu na Boriti

Wingu alikuwa farasi jike wa miaka minne, mwenye miguu mirefu asiyojua bado pa kuiweka. Tandiko alikwisha lizoea, kugeuka na kusimama alijua, ila hajawahi kuvuka kitu kilicholazwa njiani makusudi.

Asubuhi ile nililaza boriti moja tu katikati ya uwanja, ya mita 3 hivi, nikaishindilia mchanga pande zote mbili isibingirike. Boriti ikibingirika chini ya kwato huweza kumtegua mguu, na hata asipoumia, farasi hasahau upesi mahali alipoogopeshwa.

Sikumpanda. Nilimwongoza kwa kamba, nikitembea usawa wa bega lake. Farasi mgeni akiamua kuruka anaweza kumrukia aliye mbele yake, kwa hiyo begani ndipo mahali salama. Hatua chache kabla ya boriti akagoma. Akainamisha shingo mpaka pua ikakaribia mchanga, akapuliza kwa nguvu, masikio yote mbele.

"Mchape kidogo, atapita tu," akasema jamaa aliyekuwa akitutazama kutoka ukingoni.

Nilikataa, na hata leo ningekataa. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa, mbele tu ya paji la uso na chini ya pua. Kwa hiyo boriti humpotea machoni pale pale anapotakiwa kuinua mguu. Lazima aitazame mapema, aipime, kisha aende nayo kichwani. Kule kuinama na kupuliza ndiyo kazi yenyewe. Fimbo ingemfundisha tu kwamba boriti inauma.

Nikalegeza kamba, nikangoja. Akanusa, akaigusa kwa ukwato, akarudi nyuma, akanusa tena. Ghafla akaruka kutoka pale pale aliposimama, juu kabisa, kama anayevuka mto. Nikamsugua shingo, tukazunguka, tukairudia. Mruko ukapungua, ukapungua tena, hatimaye akawa anapita kwa kutembea. Mara moja mguu wa nyuma ukaigonga boriti, ko! Nilifurahi sana. Mlio ule ulimweleza jambo ambalo mimi nisingeweza kumweleza.

Nilipompanda nilishika manyoya ya shingo pamoja na hatamu, ili akiruka ghafla nisimvute mdomo. Farasi anayeumizwa na lijamu, kile chuma cha mdomoni, akiwa juu ya boriti ataichukia boriti.

Kutoka moja nikaenda tatu. Mbili huwa nazikwepa, kwa sababu farasi asiyezoea anaweza kuziona kama kitu kimoja kipana, akajaribu kuzivuka zote kwa mruko mmoja. Kwa kutembea nilizipanga kwa nafasi ya sentimita 80 hivi, kisha kwa mchakamchaka nikazitanua hadi karibu mita 1.3. Vipimo hivyo ni vya kuanzia tu. Hatua ya Wingu ni ndefu, ikabidi nishuke nizitanue kidogo tena, ndipo kwato zake zikaanza kutua katikati ya nafasi.

Katika mchakamchaka farasi huenda kwa jozi za mshazari: mguu wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, kisha jozi ya pili. Mapigo mawili, sawasawa. Wingu alikuwa akiyapoteza kila mara, mara anakimbilia mbele, mara anazubaa. Sasa nikamwelekeza kwenye boriti, nikajiinua kidogo kwenye vikuku vya kukanyagia ili mgongo wake uwe huru, nikatazama mbali mwisho wa uwanja, nikaacha mikono ifuate mdomo wake. Akashusha shingo. Mgongo ukapanda chini ya tandiko, magoti yakanyanyuka, na kwato zikapiga mchanga bila kugusa hata boriti moja: moja-mbili, moja-mbili. Alipotoka upande wa pili mapigo yakaendelea yale yale hadi kwenye kona. Nililipenda jambo hilo kiasi cha kusahau kupumua.

Yule jamaa alikuwa tayari ameburuta boriti ya nne. Lakini kazi hii huchosha mgongo na miguu ya nyuma ya farasi mchanga kuliko inavyoonekana, na kwato zikianza kuburuta amekwisha choka. Nikamshukuru, nikateremka, nikalegeza mkanda wa tandiko.