Chili ya Texas kwa Viungo vya Soko la Ngamiani

Nilipoazimia kupika chili, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili ambao jimbo la Texas nchini Marekani liliutangaza rasmi kuwa chakula chake mwaka 1977, nilijua kwamba hapa Tanga nisingepata pilipili kavu za Meksiko zinazoupa tabia yake. Pilipili hizo huwasha kwa kiasi, lakini kazi yake kubwa ni kutoa rangi, utamu na harufu ya moshi. Pilipili mbuzi peke yake haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa kiasi cha kuutia mchuzi rangi kingeufanya usilike. Kwa hiyo nikaamua kutafuta ladha kwingine na ukali kwingine.

Ladha niliipata kwenye pilipili hoho nyekundu. Mama anayeniuzia mboga Ngamiani aliniambia, "Mwanangu, chagua zilizoiva mpaka kwenye kikonyo, hizo ndizo tamu," nami nikamtii. Nilizibabua juu ya jiko la mkaa, pamoja na nyanya 4, hadi ngozi ikawa nyeusi, nikazifunika zilegee kwa mvuke wake zenyewe, kisha nikazimenya na kuzisaga na kitunguu saumu. Moshi uliokuwa ukikosekana ulitoka hapo. Binzari nyembamba, ambayo ndiyo harufu kuu ya chili na ambayo kwa bahati njema haikosekani katika nyumba yoyote ya Pwani inayopika pilau, niliikaanga bila mafuta kisha nikaitwanga.

Nyama ya ng'ombe, nusu kilo, niliikata vipande vidogo nikaikaanga kidogo kidogo ili iive rangi badala ya kutokota katika maji yake. Niliongeza vitunguu, binzari na rojo la hoho, nikaacha vichemke taratibu kwa takribani saa 2, na pilipili mbuzi moja nzima ikielea juu kama tufanyavyo kwenye mchuzi wa samaki. Ukali wa pilipili umo hasa katika utando mweupe unaoshikilia mbegu, hivyo isipopasuka hutoa harufu zaidi kuliko moto.

Watu wa Texas wengi hawataki maharage ndani ya chili. Mimi niliyatia, ila niliyachemsha pembeni hadi yakalainika kabisa, kwa sababu uchachu wa nyanya huyachelewesha kuiva. Mchuzi niliuzitisha kwa kijiko cha unga wa dona uliokorogwa kwa maji.

Pilipili kichaa iliyotwangwa niliitia mwisho, baada ya kuwapakulia watoto. Tulikula kwa chapati na mtindi mzito, kwani kinachowasha katika pilipili hakiyeyuki katika maji, ilhali protini ya maziwa hukinasa na kukiondoa ulimini.