Namna nilivyoanza kukusanya jazi nikiwa Lamu

Ushauri wa kwanza niliopewa ulinipotezea mwaka mzima. Muuza santuri mmoja wa Mombasa alinihakikishia kwamba anayeanza kusikiliza jazi hununua mkusanyo mkubwa wa nyimbo mia moja, kisha akachagua mwenyewe zinazompendeza. Nikalipa elfu tatu na ushee, nikavuka nazo hadi kisiwani, na kila usiku nikakaa nazo nyumbani kwetu Langoni. Jaladani hapakuandikwa jina la mpiga besi wala la mpiga ngoma, wala mwaka wa kurekodiwa, na nyimbo nyingine zilififizwa kabla mpiga saksafoni hajamaliza zamu yake. Hadi leo nikikumbuka ninakasirika.

Aliyenifungulia njia ni mpiga udi. Katika santuri ya Jazz Sahara, iliyorekodiwa mwaka 1958, Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi mzaliwa wa New York, anapiga udi pamoja na kanuni (ala ya nyuzi) na fidla, huku Johnny Griffin akiwajibu kwa saksafoni. Ami yangu, ambaye amepiga udi katika harusi za hapa tangu ujana wake, alikuwa akipita, akasimama barazani na kuuliza, "Mwanangu, huyu ni mtu wa wapi? Ala ni zetu, lakini mwendo si wetu."

Tangu siku ile niliacha kutafuta nyimbo, nikawa nafuata watu. Nilimfuata Abdul-Malik hadi kwa mpiga piano Thelonious Monk, katika santuri ya Misterioso ya 1958. Nikarudi nyuma hadi tamasha la Monk la Carnegie Hall, New York, la Novemba 1957, ambalo kanda yake iligunduliwa mwaka 2005 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na humo nikamkuta mpiga saksafoni John Coltrane. Coltrane naye akanifikisha kwa mpiga tarumbeta Miles Davis na santuri yake ya Kind of Blue ya 1959. Santuri zote nimezisimamisha wima kabatini, mbali na dirisha la baharini, kwa kuwa majalada hapa huota ukungu upesi.

Kind of Blue niliyoipata ilikuwa toleo la zamani. Ami alileta udi aliokwisha kuulinganisha na kinanda, ili aufuatishe muziki, lakini upande wa kwanza ukamkataa: sauti ilikuwa juu kidogo ya nyuzi zake, haifiki noti nzima, ila yatosha kumuudhi. Upande wa pili ukamkubali. Nilidhani mashine yangu ni mbovu, nikaibadilisha mkanda, hali ikawa ile ile. Kumbe siku ya Machi 2, 1959, uliporekodiwa upande wa kwanza, mashine ya kurekodia ilikwenda polepole kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo kanda ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida sauti ikapanda, na kosa hilo lilirekebishwa katika toleo la 1992. Ami alikuwa amelitambua kwa sikio tu.

Ilinichukua miezi kadhaa kulipata toleo hilo. Jioni nilipolileta, ami aliuweka udi mapajani, akaingia pale besi ya Paul Chambers inaposhika wimbo, na hadi mwisho wa kipande kile hakukaza wala kulegeza uzi hata mmoja.